Kukusanya sarafu za zamani ukiwa Tabora au Kigoma: pa kuanzia, na kwanini usizisugue

Mwaka 1916 hapa hapa Tabora kulikuwa kunatengenezwa pesa, tena sio noti tu, sarafu kabisa za brasi, za shaba nyekundu na mpaka za dhahabu, zikigongwa kwenye karakana ya reli wakati Mjerumani amebanwa na vita. Meli za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, pesa kutoka Berlin hazifiki, askari na wapagazi wanadai chao, ikabidi serikali yao iliyokimbilia huku bara ijitengenezee yenyewe. Nasema hivi mwanzoni kwasababu vijana wengi wa Tabora na Kigoma wanaotaka kuanza kukusanya sarafu wanakimbilia kuulizia za Marekani na Uingereza, wakati tumekaa juu ya historia ya sarafu ambayo watu wa nje wanaitafuta kwa hamu kubwa. Mimi ushauri wangu ni mmoja tu na ndio nitaurudia humu kwenye kila hatua: anza na pesa zilizopita kwenye reli yetu na ziwa letu, ziache zilivyo, na andika zimetoka kwa nani.

Haya, tuanze na pesa unayohitaji. Kwa kuanza huhitaji mtaji. Unahitaji daftari la kaunta, kalamu, bahasha ndogo za karatasi (zile za kaki za kuwekea dawa ni nzuri tu kama ni mpya) na simu yenye kamera inayoeleweka. Baadae ukinogewa utatafuta lensi ya kukuzia ya mafundi saa na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma mpaka gramu sifuri nukta sifuri moja, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu na vya masonara, hyo mizani itakuokoa pesa nyingi sana mbele ya safari na nitaeleza kwanini.

Seti ya kwanza kabisa iwe ya Tanzania, maana hii unaipata bure au karibu na bure. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966 na sarafu zake za kwanza ni za mwaka huo huo: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 ambayo wazee waliiita sumuni ina sungura, na shilingi 1 yenye mkono ulioshika mwenge, zote upande mwingine kuna Mwalimu. Halafu mwaka 1971 ikaja ile shilingi 5 kubwa yenye pembe pembe, dala, na mwaka 1977 ikaja senti 10 yenye pundamilia na ukingo wa mawimbi mawimbi, hiyo mimi naipenda kuliko zote kwa umbo. Baada ya hapo unaingia zama za mzee Mwinyi, kisha faru kwenye 50, swala kwenye 100, simba kwenye 200 na nyati kwenye 500 iliyotoka 2014. Lengo sio kupata moja moja tu, lengo ni kupata kila mwaka uliochapwa, na hapo ndio utamu ulipo, maana utajikuta unageuza kila chenji unayopewa na konda au na mama wa genge kuangalia mwaka. Omba dukani wakubadilishie noti kwa sarafu, kaa chini, chambua, za miaka uliyonayo zirudishe kwenye mzunguko, nzuri kuliko uliyonayo unabadilisha. Za siku hizi tafuta ambazo hazijachubuka kabisa, kwasababu leo hakuna anayezijali ila baada ya miaka 30 hizo hizo zisizo na mkwaruzo ndio zitakuwa ngumu kupatikana.

Seti ya pili ni ya Afrika Mashariki, zile pesa za mkoloni Mwingereza za bodi ya sarafu iliyoanzishwa 1919, zilizotumika huku kwetu, Kenya na Uganda kwa pamoja. Kwenye shilingi yake kuna simba na milima nyuma, na senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati. Hizi zimejaa, we acha tu. Nenda kwa mafundi wa zamani, fundi baiskeli, fundi cherehani, utakuta senti 10 yenye tundu imefanywa wasa miaka na miaka. Ukizipata angalia jina la mfalme limezunguka pale juu, kuna George wa tano, George wa sita, Elizabeth, na kuna mmoja watu wanampita bila kumjua, Edward wa nane. Huyu alikaa kwenye kiti mwaka 1936 tu, hata mwaka haukuisha akaacha ufalme ili aoe, kwahiyo sarafu zenye sura yake hazikuingia kwenye mzunguko Uingereza, lakini senti zetu za tundu hazikuwa na nafasi ya kuweka sura, zilikuwa na jina tu, basi zikatoka kwa wingi na jina lake. Mkusanyaji wa Ulaya anaitafuta pesa ya Edward, na wewe unaweza kuipata Isevya au Ujiji kwa bei ya soda. Na usiache za 1964, hizo zina tundu pia ila hazina mfalme yeyote, maana tulikuwa tumeshajitawala.

Kitu kimoja cha kujua kwenye shilingi hizi za simba, za mwaka 1921 mpaka 1946 zina fedha ndani yake ila ni robo tu, yani asilimia 25, za 1948 kuendelea hazina fedha kabisa ni shaba na nikeli. Kwahiyo mtu akikwambia "hii ni fedha tupu" muulize mwaka.

Sasa kwa ndugu zangu wa Kigoma, nyie mna bahati ambayo sisi wa Tabora hatuna. Bandari ya Kigoma walipewa Wabelgiji eneo lao baada ya vita ya kwanza ili mizigo ya Kongo ipite kwa reli mpaka Dar, na mpaka leo maboti ya Kibirizi yanaleta watu wa Burundi na Kongo kila siku. Matokeo yake kwenye makopo ya wazee wa Ujiji, Gungu na Mwanga kuna pesa za Kongo ya Mbelgiji, zenye nyota na tundu katikati, kuna ile faranga 2 ya mwaka 1943 ya pembe sita yenye tembo (hii ukiipata safi usiiachie ovyo ovyo), kuna zilizoandikwa Congo Belge na Ruanda-Urundi kwa pamoja zenye mti wa mchikichi, na kuna faranga 1 ya Rwanda-Burundi yenye simba ya miaka ya 1960 hadi 1964 wakati nchi hizo mbili bado zinatumia pesa moja. Ongeza na makuta za Zaire zenye Mobutu. Kongo siku hizi wanatumia noti tu, sarafu hazina kazi, kwahiyo abiria wengi wako tayari kukuachia kwa bei ndogo au kubadilishana na shilingi zetu. Wasalimie vizuri, nunua hata dagaa kwao, usimkimbilie mtu anashuka kwenye boti na mizigo yake unaanza kumuuliza habari za pesa.

Twende kwa Mjerumani sasa, maana hapa ndio kila mtu anapotaka kufika. Zipo za aina nyingi na sio zote adimu. Pesa moja ya shaba ya 1890 mpaka 1892 ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, hii ni ya kawaida sana, watu wanadhani ni dhahabu ya ajabu kwasababu ya Kiarabu, hapana. Kuna rupia ya fedha yenye Wilhelm wa pili, mfalme wa Wajerumani, amevaa kofia ya vita yenye ndege juu, uzito wake gramu 11.66 na fedha yake ni karibu asilimia 92. Mwanzo rupia moja ilikuwa pesa 64, kuanzia 1904 wakabadilisha ikawa heller 100, ndio maana utakuta nusu heller, heller 1, 5, 10 na 20. Angalia herufi ndogo chini: A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora. Hiyo T ndio yetu.

Zenye T zipo tatu, zote za 1916. Heller 5 ya brasi, heller 20 ambayo ipo ya brasi na ya shaba nyekundu, na rupia 15 ya dhahabu. Heller 20 ina taji na mwaka na herufi D.O.A. (kifupi cha Afrika Mashariki ya Mjerumani kwa Kijerumani) upande mmoja, upande mwingine namba 20 ndani ya matawi. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa haraka na vifaa vya karakana, sio vya kiwanda cha sarafu, kila chapa iko tofauti kidogo, kuna taji kubwa na taji dogo, na kwenye neno HELLER ukiangalia na lensi zile L mbili, kuna ambazo ncha zake zimechongoka na kuna ambazo zimejikunja. Wakusanyaji wanazitenganisha kwa hivyo vitu vidogo. Nyingine zimegongwa upande, ukingo mmoja mnene mwingine mwembamba, na hilo sio kasoro ya kukufanya uikatae, ndivyo zilivyotoka. Zimetengenezwa nyingi na bado zinapatikana, heller 20 ya brasi ya hali ya kawaida sio mali ya kukujengea nyumba, ila kwa mtu wa Tabora mimi naona ndio sarafu ya kwanza ya kununua kwa pesa yako mwenyewe, hata kama itabidi uisubiri mwaka mzima.

Rupia 15 ni habari nyingine. Upande mmoja tai, upande mwingine tembo ameinua mkonga na milima nyuma, dhahabu yake ilitoka Sekenke kule Iramba, zikagongwa 16,198 tu mpaka Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Hii inauzwa maelfu ya dola mnadani, na kwasababu hiyo hiyo feki zake ni nyingi. Ukiletewa, na utaletewa tu ukishajulikana mtaani kama mtu wa sarafu, usitoe hata mia kabla hujapima.

Kupima ni hivi. Kwanza uzito, rupia 15 halali ni gramu 7.16 hivi. Lakini feki nzuri nazo zina uzito huo huo, kwahiyo uzito peke yake hautoshi, inabidi upime na maji. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu na uzi mwembamba, iteremshe kwenye maji izame yote ila isiguse chini wala pembeni, wewe umeshika uzi kwa juu. Mizani itasoma namba ndogo, hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu gawanya kwa hiyo namba. Dhahabu ya robo tatu kama hii inatoa jibu kwenye 15 hivi, maana yake mizani inatakiwa kusoma kama 0.47 au 0.48. Ikisoma 0.84 hiyo ni brasi, rudisha kwa mwenyewe kwa heshima na aende zake. Kwa rupia ya fedha jibu linatakiwa liwe kama 10.3, yani kwenye maji isome 1.13 hivi, ikisoma 1.3 ni shaba na nikeli. Rudia kipimo mara kadhaa, mkono ukitetemeka namba inaruka. Sumaku pia ni ya kutembea nayo mfukoni, dhahabu, fedha, shaba na brasi hazinasi, kwahiyo rupia inayonasa sumaku ni chuma kilichopakwa, maliza mazungumzo.

Na hapa niseme wazi kitu kinachoniumiza. Kuna matapeli wanazunguka mikoa yetu wanawaambia watu kuna rupia ya Mjerumani inavuta mchele, inazima tochi, ina zebaki ndani, kuna mzungu Dar anainunua kwa mamilioni, toa kwanza hela ya kipimo, toa hela ya mtaalamu. Watu wameuza mashamba na ng'ombe kwa ajili ya hiki kitu. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Thamani ya sarafu inatokana na vitu vinavyoonekana, ipo ngapi, hali yake ikoje, nani anaitaka, basi. Mtu yeyote anayekuomba pesa ili akupimie au akutafutie mnunuzi mkimbie, na ukiona mzee wako anaingizwa kwenye hizo habari kaa naye umweleze taratibu, usimfokee.

Sasa kusugua. Jamani msisugue sarafu. Najua ukiipata nyeusi imejaa uchafu mkono unawasha, utasikia weka ndimu, weka majivu, weka dawa ya meno, mchanga, chumvi na siki. Vyote hivyo vinakula juu ya sarafu. Ile rangi ya kahawia au nyeusi iliyojijenga kwa miaka 100 ndio ngozi yake, ndio inaonyesha haijachezewa, ukiitoa haijirudishi tena na mnunuzi anayejua anaona mikwaruzo kwa lensi sekunde moja tu. Heller 20 nyeusi ina thamani kuliko heller 20 inayong'aa kwa majivu, tena kwa mbali. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi masaa mengi hata siku nzima, badilisha maji, udongo uachie wenyewe, kisha itoe uiweke juu ya kitambaa laini na uikandamize kidogo ikauke, usiifute kwa kuzungusha. Kama ina mafuta, tone la sabuni ya maji ya vyombo kwenye maji na uisuuze sana. Mwisho hapo. Ushike kwenye ukingo kwa vidole viwili, usiguse sura, jasho la vidole linaacha alama ambayo utaiona baada ya miezi.

Kutunza nako kuna mambo yake, hasa Kigoma kwasababu ya unyevu wa ziwa. Mifuko laini ya plastiki inayonuka nuka, zile albamu za bei rahisi, epuka, inatoa kitu kama mafuta ya kijani kinaganda kwenye sarafu. Bahasha ya karatasi kavu ni salama zaidi, sarafu moja bahasha moja, zisigongane. Zipange kwenye boksi au kopo lenye mfuniko, na vile vifuko vidogo vya chembe chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, weka viwili vitatu ndani vinanyonya unyevu. Boksi lisikae chini kwenye sakafu, mchwa wa Tabora mnawajua wenyewe, karatasi kwao ni chakula.

Kwenye kila bahasha andika nchi, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito, halafu andika umeipata wapi na kwa nani na alikwambia nini. Hii ya mwisho watu wanairuka na mimi naiona ndio kubwa. Sarafu ambayo bibi amekwambia babu yake alilipwa nayo kwa kubeba mizigo ya vita, au ilikuwa kwenye shanga za mama mkwe wake, hiyo habari ikipotea haipo kwenye kitabu chochote duniani. Kwahiyo ukienda kwa wazee usiende kama mnunuzi. Piga shikamoo, kaa, peleka sukari au sabuni, uliza habari za zamani, muonyeshe za kwako kwanza. Mara nyingi atainuka mwenyewe alete kopo. Kama hataki kuuza omba kupiga picha pande zote mbili, hiyo nayo ni mkusanyiko, na umwambie ukweli thamani yake, usimdanganye mzee kwamba ni chuma tu halafu ukauze mjini. Omba pia masonara na wanunuzi wa chuma chakavu wakupigie simu wakipata sarafu kabla hazijaenda kuyeyushwa, wape bei ya kilo yao na kidogo juu.

Usichimbe. Maeneo kama Kwihara, Ujiji na maboma ya zamani ni ya mambo ya kale, na sheria yetu ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kuvichimba au kuviuza bila kibali ni kosa. Sarafu iliyotolewa ardhini kwa jembe pia inakuwa imepoteza nusu ya habari yake.

Kutambua usichokijua tumia tovuti ya Numista, ni bure, unaandika nchi na mwaka unaletewa picha, uzito, upana na idadi iliyotengenezwa, linganisha na yako. Picha zako piga karibu na dirisha mchana bila flashi, inamisha sarafu kidogo mpaka maandishi yajitokeze.

Ukishakuwa na za ziada ndio mambo ya kubadilishana yanaanza. Mtu wa Tabora mwenye heller za ziada na mtu wa Kigoma mwenye Kongo za ziada wanahitajiana, na treni ipo. Kubalianeni kwa picha kwanza, pande zote mbili na ukingo, kila mmoja aseme kasoro anazozijua, mkutane stesheni mchana, kila mtu aje na mizani yake, na mkibadilishana msisahau kupeana na ile karatasi ya habari ya sarafu, iende na bahasha yake.